Kuchagua na Kufunga Kadi ya Wi-Fi Ili Laptopu Ishike Mtandao wa Mbali: Mwongozo Kamili

Watu wengi hununua kadi mpya ya Wi-Fi kwa matumaini makubwa, kisha likawapata moja kati ya haya matatu: kadi haiingii kwenye nafasi yake, inaingia lakini laptopu haiitambui, au inafanya kazi vizuri tu, ila kule chumba cha nyuma mtandao ni uleule dhaifu. Yote matatu yanazuilika kabla hujatoa pesa mfukoni.

Shika jambo moja tangu sasa. Umbali hautokani na ile namba kubwa ya kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Unatokana na idadi ya antena ambazo kadi inazitumia kwa pamoja, na uzima wa antena zenyewe. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza, na huenda ukagundua huhitaji kununua kitu.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ndogo ya nyota. Baadhi ya laptopu zina skrubu za aina nyingine, kwa hiyo geuza yako uitazame kwanza.
- Kipande cha plastiki cha kufungulia mfuniko. Kadi ya zamani ya benki inatosha. Usitumie kisu.
- Simu ya kupigia picha kila hatua.
- Waya wa USB wa simu, ili uweze kuipa laptopu intaneti ya bando kadi mpya ikikosa draiva (programu inayoiendesha kadi).
- Flashi.
- Tepu ya kuzuia umeme.
- Karatasi na kalamu, kwa ajili ya vipimo.

Kadi mpya haimo kwenye orodha kwa makusudi. Utainunua ukifika hatua ya 4, si kabla.

## Hatua ya 1: Pima hali ya sasa

Bila kipimo cha mwanzo hutajua kama kadi mpya imesaidia au ni moyo tu umefurahi. Chagua sehemu tatu: mita 2 kutoka kwenye rauta bila ukuta katikati, sehemu unayokaa kila siku, na sehemu ambayo mtandao hukata.

Katika kila sehemu, fungua dirisha la amri la Windows (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`) kisha andika:

`netsh wlan show interfaces`

Soma mstari wa "Signal". Windows huonyesha asilimia, lakini kipimo chenyewe cha mawimbi ni dBm (desibeli za nguvu ya mawimbi). Kubadili ni rahisi: gawanya asilimia kwa 2, kisha toa 100. Hivyo asilimia 80 ni -60 dBm, asilimia 60 ni -70, na asilimia 40 ni -80. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye -67 simu za video hupita vizuri. Kwenye -80 hata kurasa za kawaida huanza kusuasua.

Anayetumia Linux aandike `iw dev` ili apate jina la kadi yake, kisha `iw dev wlp2s0 link`, akiweka jina hilo mahali pa `wlp2s0`. Yeye atapata dBm moja kwa moja.

Kisha jaribu uthabiti. Andika `ipconfig`, tafuta anwani ya rauta kwenye mstari wa "Default Gateway", halafu:

`ping -n 50 192.168.1.1`

Weka anwani ya rauta yako. Mwishoni utaona ni pakiti (vipande vya data) ngapi zimepotea kati ya 50. Andika yote kwenye karatasi.

Sasa chukua simu, kaa nayo sehemu zilezile tatu. Simu nayo ikikwama kule mtandao unapokata, tatizo huenda ni rauta au kuta. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe au Lamu, zege lenye nondo, na mabati hula mawimbi kiasi ambacho kadi ya laptopu haiwezi kukirudisha. Hapo sogeza rauta kwanza. Lakini simu ikishika vizuri huku laptopu imekaa pembeni yake inahangaika, endelea na mwongozo huu.

Kipimo kinachookoa pesa: tazama namba ya mita 2. Laptopu nzima ikiwa karibu hivyo na rauta huonyesha asilimia 90 hadi 100. Ikionyesha 50 au 60, karibu kila mara waya wa antena umechomoka au umekatika. Hili hutokea sana kwa laptopu zilizotumika, kwa sababu zimepita mikononi mwa mafundi kadhaa: mmoja alibadili kibodi, mwingine skrini, na waya mwembamba ukaachwa ukining'inia. Kadi mpya haitibu hilo. Nenda hatua ya 3, rudisha waya, pima tena. Wengi safari yao huishia hapo, bila gharama.

## Hatua ya 2: Ijue kadi uliyo nayo

Bonyeza Windows na R, andika `devmgmt.msc`, kisha fungua sehemu ya "Network adapters". Nakili jina lote la kadi, pamoja na herufi za mwisho.

Kisha andika:

`netsh wlan show drivers`

Tafuta orodha ya aina za redio (802.11 ni jina la kiufundi la Wi-Fi, na herufi inayofuata huonyesha toleo). Ukiona 802.11b, g na n peke yake bila a wala ac, kadi yako inashika masafa ya 2.4 GHz tu.

Sasa jua ina antena ngapi. Njia nyepesi ni kutazama kasi ya juu kabisa iliyotajwa kwenye maelezo ya kadi. Kwa kadi za 802.11n, 150 Mbps ni antena moja na 300 ni mbili. Kwa 802.11ac, 433 ni moja na 867 ni mbili. Kwa Wi-Fi 6, zile zinazotajwa kuwa na 1200 au 2400 ni za antena mbili.

Kwa nini antena mbili zinaleta tofauti? Kadi ya namna hiyo hupokea wimbi lilelile kupitia antena zote mbili na kujumlisha inachosikia. Faida yake ni takriban desibeli 3, yaani mara mbili ya nguvu iliyopokelewa. Zaidi ya hapo, ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, na kuna vidoa ambamo hufutana yenyewe kwa yenyewe. Antena moja ikiangukia kwenye kidoa hicho, ya pili huwa sentimeta kadhaa pembeni na inasikia. Mwenye antena moja ndiye yule anayesogeza laptopu kidogo juu ya meza na mtandao unarudi.

Kadi za antena moja zinazokutwa sana ni Realtek RTL8723BE na RTL8821CE, Intel 3160, 3165 na 3168. Ukiwa na mojawapo, una sababu ya kubadili.

Ukiwa na Intel 7265 ya antena mbili, 8260, 8265, 9260, AX200 au AX201, tafakari mara mbili. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, aghalabu huja na Intel 8260. Hiyo tayari ina antena mbili. Ukiivua na kuweka kadi mpya zaidi utapata kasi ukiwa karibu na rauta mpya, lakini kwa umbali utaona mabadiliko madogo sana.

## Hatua ya 3: Fungua uone nafasi na nyaya

Zima laptopu kabisa. Kwenye Windows shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuzima, maana bila hivyo baadhi ya kompyuta hulala tu. Chomoa chaja. Fungua mfuniko wa chini, kisha chomoa betri: ya nje itoe, ya ndani vuta kiunganishi chake taratibu. Gusa kitu cha chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli ulioko mwilini uondoke.

Onyo: usiiguse kadi kabla betri haijachomoka. Hapa ndipo ubao mama huungua.

Tafuta kibao kidogo chenye nyaya nyembamba, aghalabu mbili, mara nyingi nyeusi na nyeupe, au nyeusi na kijivu. Utakuta moja kati ya aina hizi:

Mini PCIe. Upana wa milimita 30 na urefu wa karibu 27, au 51 kwa zile ndefu. Ndizo za laptopu za hadi karibu mwaka 2013, kama ThinkPad T430.

M.2 2230. Milimita 22 kwa 30. Ndizo zilizofuata na ndizo rahisi kupata leo.

Iliyounganishwa kwa risasi. Chipu imeshikamana na ubao, haina skrubu. Hii haibadilishwi. Funika laptopu, nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Vichwa vya nyaya vya aina hizo mbili za kwanza havilingani. Vya M.2 ni vidogo kuliko vya Mini PCIe, na kulazimisha kimoja kwenye kingine ni kukivunja. Piga picha ya karibu.

Sasa hesabu nyaya. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa: laptopu za bei ya chini mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na waya mmoja tu wa antena. Ukiiwekea kadi ya antena mbili, itafanya kazi kwa sikio moja na faida yote niliyoeleza itapotea. Suluhisho ni kununua antena ya pili ya ndani yenye waya wake, ukaupitisha kwenye bawaba hadi fremu ya skrini. Antena hukaa kule juu kwa sababu ndiko kusiko na chuma kingi wala kelele za ubao. Kazi hiyo inahitaji kufungua skrini. Kama hujawahi, mpe fundi na umwonyeshe picha.

Kagua nyaya zenyewe, hasa zinapopita kwenye bawaba. Zikiwa zimebanwa, zimechubuka au zimeliwa na kutu kichwani, badilisha antena kwanza.

## Hatua ya 4: Chagua kadi

Sasa unajua umbo, idadi ya nyaya na kadi ya zamani. Uchaguzi umekuwa mwembamba.

Kwa nafasi ya M.2, chaguo langu la kwanza ni Intel AX210. Ina antena mbili, inakubali laptopu zenye prosesa za Intel na za AMD, na inashika 2.4, 5 na 6 GHz. Inataka Windows 10 au 11 ya biti 64, au Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo) ya 5.10 kwenda juu. AX200 inakaribiana nayo kwa umbali, haina 6 GHz, na inatosha kwa nyumba nyingi. Kerneli yake ni 5.1 kwenda juu. MediaTek MT7922 nayo ni nzuri na laptopu nyingi za AMD hutoka nayo kiwandani. Anayebaki na Windows 7 achukue Intel 7265 au 8265.

Kwa Mini PCIe, tafuta Intel 7260 yenye maandishi "AC" kwenye lebo. Kuna 7260 nyingine zilizoandikwa "N", na mojawapo inashika 2.4 GHz pekee. Duka likikuonyesha picha isiyosomeka lebo, omba nyingine. Ukiwa na ThinkPad ya zamani yenye nyaya tatu, Intel 6300 huzitumia zote tatu.

Za kukwepa, hata zikiwa rahisi: AX201, AX211, 9560 na 9462. Hizi si kadi kamili. Sehemu ya kazi ya redio imo ndani ya prosesa na chipu za Intel za vizazi fulani, na kadi yenyewe ni nusu iliyobaki. Ukiiweka kwenye laptopu ya AMD au ya Intel ya zamani, inaingia vizuri kabisa, skrubu inafunga, na kompyuta haioni chochote. Tofauti kati ya AX210 na AX211 ni tarakimu moja; soma lebo mara mbili kabla ya kulipa. Iwapo laptopu yako ilitoka na AX201, nyingi hukubali AX210 lakini si zote, kwa hiyo uliza watu wenye modeli ileile. Kuhusu Intel BE200 ya Wi-Fi 7, usiinunulie laptopu ya AMD.

Usivutwe na neno "nguvu kubwa" kwenye tangazo la kadi ya ndani. Nguvu ya kurusha inabanwa na sheria za mawasiliano. Ulaya, kwa mfano, kikomo cha 2.4 GHz ni miliwati 100. Kadi zote za heshima zinakaa humo humo.

Vilevile 6 GHz na chaneli pana za 160 MHz si marafiki wa umbali. Wimbi la 5 GHz hupoteza karibu desibeli 7 zaidi ya la 2.4 GHz kwa umbali uleule, kabla hata ya kugusa ukuta. Na kila unapoongeza upana wa chaneli mara mbili, kelele inayoingia kwenye kadi hupanda desibeli 3. Kwa chumba cha mbali, 2.4 GHz yenye upana wa 20 MHz ndiyo inayofika.

## Hatua ya 5: Hakikisha baiosi haitaikataa

Baadhi ya watengenezaji waliweka ndani ya baiosi (programu ya kwanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa) orodha ya kadi zinazoruhusiwa. ThinkPad kama X220, T430 na X240 zina orodha hiyo, na HP nyingi za miaka hiyo pia. Ukiweka kadi ngeni, ThinkPad husimama na ujumbe wa namba 1802, na HP hutoa namba 104. Kadi haijaharibika, wala laptopu haijafa. Ivue, rudisha ya zamani, itawaka kama kawaida.

Njia salama ni kutafuta waraka wa matengenezo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Humo kuna orodha ya kadi zilizokubaliwa, kila moja na namba ya kipuri. Nunua yenye namba hiyo hasa kwenye lebo yake. Chipu ileile yenye lebo ya kampuni nyingine inaweza kukataliwa.

Onyo: kuna wanaouza baiosi zilizochezewa ili kuondoa orodha hiyo. Kazi ya kuiweka ikikwama katikati, laptopu haiwaki tena bila kifaa maalumu cha kuandikia chipu. Kwa ajili ya kadi ya Wi-Fi, hatari hiyo ni kubwa mno.

## Hatua ya 6: Funga kadi

Kabla ya kuanza, pakua draiva ya kadi mpya uiweke kwenye flashi. Ukishaivua ya zamani hutakuwa na mtandao.

1. Betri ikiwa imechomolewa, piga picha inayoonyesha waya upi uko wapi.
2. Ng'oa vichwa vya nyaya kwa kuvinyanyua wima, kwa ukucha au plastiki. Usivute waya wenyewe. Vichwa hivi havikuumbwa kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi.
3. Toa skrubu. Kadi itainuka yenyewe kidogo. Ivute kwa mshazari uleule.
4. Ingiza mpya kwa mshazari hadi pini za dhahabu zizame, kisha ilaze na ufunge skrubu bila kukaza kupita kiasi. Ikigoma kuingia, usisukume. Tazama kama mkato wake unalingana na sloti.
5. Weka kichwa cha waya mkuu kwenye alama ya 1 na wa pili kwenye 2, kwa kufuata picha yako. Kiweke sawasawa juu ya kitako, bonyeza kwa kidole hadi kitoe mlio mdogo.
6. Waya wowote uliobaki bila kazi uvike tepu ili usiguse ubao.

Umefaulu ikiwa kichwa cha waya kinazunguka kidogo bila kutoka. Kikiwa kimeinama upande mmoja hakijaingia, na utapoteza mawimbi yaleyale uliyotaka kuyaongeza.

## Hatua ya 7: Draiva

Rudisha betri, washa. Windows mara nyingi huitambua kadi yenyewe, lakini sakinisha ile draiva ya kwenye flashi: za Intel kutoka Intel, za Realtek na MediaTek kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na utumie bando.

Wanaobaki na RTL8723BE kwenye Linux, kuna tiba inayostahili kujaribiwa kabla ya kununua kitu. Laptopu kadhaa za HP zilifungwa waya mmoja kwenye kitako ambacho draiva haikisikilizi, na mawimbi huwa dhaifu hata karibu na rauta. Andika kwenye faili la `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`:

`options rtl8723be ant_sel=2`

Washa upya, pima. Kama hakuna badiliko weka 1.

## Hatua ya 8: Pima tena

Rudi sehemu zilezile tatu, rauta ikiwa palepale, masafa yaleyale. Ukitoka antena moja kwenda mbili, tarajia desibeli 3 au zaidi kidogo, ambazo kwa asilimia za Windows ni 6 hivi. Zinaonekana chache, lakini kule mtandao ulipokuwa ukikata ndizo zinazoamua.

Usiishie kwenye asilimia. Chipu tofauti hupima kwa namna tofauti, na kadi mpya inaweza kuonyesha namba ndogo huku ikifanya kazi vizuri zaidi. Amini pakiti: zilizopotea zilikuwa 12 kati ya 50, sasa ni 1 au hakuna, kazi imefanikiwa. Mita 2 kutoka kwenye rauta ikionyesha chini ya asilimia 80, fungua tena ukague vichwa vya nyaya.

## Kadi ikiwa haibadilishiki

Nunua adapta ya USB yenye antena ya nje inayofunguka. Tafuta chipu ya MT7612U kwa masafa yote mawili, au AR9271 kwa 2.4 GHz pekee. Zote mbili zinafanya kazi kwenye Linux bila kusakinisha draiva. Vile vijiti vidogo vya ukubwa wa ukucha viache, antena yake ni fupi mno na imekaa ubavuni mwa chuma.

Usiichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ndani ya masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel wenyewe walilichapisha mwaka 2012. Chukua waya wa kurefusha wa mita 1 au 2, uiweke adapta juu ya kabati au kwenye dirisha linaloelekea rauta, antena ikiwa imesimama wima. Pima kila unapoisogeza, na ukipata sehemu nzuri ishikilie hapo kwa tepu.